Mjadala: Tanga ina haja gani na umeme wa Ethiopia?

Mtoa hoja, Chumbageni: Machi 2025 Rais Samia, akiwa Kilimanjaro, alisema mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme wa Ethiopia unaopitia Kenya, kwa sababu wa kwetu hupotea mwingi njiani. Hatujaafikiana hapa barazani tangu siku hiyo. Bwawa la Julius Nyerere, kule mto Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Sasa tukanunue kwa watu?

Upotevu wenyewe si uzushi. Umeme ukipita, waya hupata moto, na moto huo ndio umeme unaopotea. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huwa mara nne. Dawa yake ni kupandisha msongo, yaani volti, maana msongo mkubwa hubeba mzigo uleule kwa mkondo mdogo. Kutoka Rufiji hadi Chalinze umeme husafiri kwa kilovolti 400, lakini njia yetu ya miaka yote ya Chalinze hadi Hale, huku kwetu Tanga, ni ya 132. Piga hesabu: mzigo uleule na waya uleule, mkondo unakuwa mara tatu na upotevu mara tisa. Nasema tujenge njia kubwa. Kununua ni kukwepa kazi.

Fundi wa Ngamiani: Kaka, hesabu yako haina kasoro, ila njia ya namna hiyo haisimami kwa msimu mmoja. Kuna minara, kuna vituo vya kupoza umeme, kuna fidia ya watu na mashamba. Ile ya kilovolti 400 kutoka Isinya, Kenya, kupitia Namanga hadi Singida imeshajengwa. Arusha ikilishwa kupitia Namanga, mzigo unaovutwa toka Hale kupitia Same hadi Moshi unapungua, na Tanga tunapumua. Tena umeme ukishaingia gridi hauna uraia, unachanganyika wote.

Mama lishe, Makorora: Nyinyi Ethiopia na Rufiji, mimi jioni friji yangu inanguruma tu, haigandishi. Taa nyekundu kama kibatari. Hiyo nayo ni Ethiopia?

Fundi wa Ngamiani: Hapana mama, hiyo ni ya mtaani. Transfoma inashusha kilovolti 33 au 11 hadi volti 230 za nyumbani. Ukiwa mwisho wa laini nyembamba, na wote mmewasha saa moja usiku, volti zinaishia njiani. Dawa ni transfoma ya karibu au waya mnene, na hilo halitatuliwi na bwawa lolote.

Mama lishe, Makorora: Basi fedha zianzie huko kwenye transfoma!

Mzee wa Muheza: Marahaba kwa wote mliosalimia. Mmesahau mto Pangani. Kituo cha Hale kiliwekewa mitambo ya megawati 21 mwaka 1964, na kituo cha Pangani mpya ni 68 tangu 1995. Ipo mlangoni kwetu, lakini maji yake yanatoka Kilimanjaro na Meru, na kabla hayajatufikia yameshanywesha mashamba mengi. Ukame ukija, mitambo inapunguzwa. Rufiji nayo ni maji. Ethiopia pia ni maji, ila mvua zao kubwa ni Juni hadi Septemba, wakati mito yetu inapungua. Hapo ndipo naona faida ya kununua. Megawati ngapi tunazo si hoja yangu.

Mtoa hoja, Chumbageni: Shikamoo mzee. Hoja ya misimu naikubali, na inanipa swali gumu zaidi. Waya wa Namanga hupitisha umeme pande zote mbili. Mvua zikijaza Rufiji, je, mkataba unaturuhusu kuwauzia wao, au sisi ni wanunuzi tu? Na ukame ukizishika nchi zote mbili, nani anakatiwa kwanza? Bei ya uniti tunaona EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikiidhinisha. Masharti ya mkataba nayo yawekwe wazi kabla hatujaambiwa tuchague.

Fundi wa Ngamiani: Kwa hilo nakuunga mkono. Kwa njia ya Chalinze bado tunabishana.