Mrejesho: kuwashwa mwili kutokana na dawa ya thairoidi

Habari zenu wapendwa. Ni mimi niliyeuliza kuhusu kuwashwa mwili mzima tangu nianze kabimazoli, dawa ya kushusha homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni. Asanteni sana mlionijibu, hasa yule aliyesisitiza nisiache dawa kiholela, nirudi kwanza kwa daktari.

Nilirudi. Aliangalia mgongo na mapaja, vipele vyekundu na michirizi ya kucha juu yake, kisha akauliza kama nina homa au koo linauma. Kumbe hilo ndilo wanaloliogopa zaidi: kwa nadra dawa hii hushusha mno chembe nyeupe za damu, na ukipata dalili hizo unaiacha mara moja na kupima damu siku hiyohiyo. Mimi sikuwa nazo, vipimo vya damu na ini vikawa salama, nikaendelea na dozi ileile pamoja na setirizini, dawa ya kutuliza mzio na muwasho, usiku.

Vipele vimekauka na usingizi umerudi. Muwasho haujaisha kabisa, jioni bado nakuna miguu. Losheni isiyo na manukato inasaidia kiasi, hasa nikipaka ngozi ikiwa bado na unyevu. Kuoga maji ya moto nimeacha kwa shingo upande. Ule ushauri wa kupaka siki niliopewa hapa, aniwie radhi aliyeutoa, uliniunguza palipochubuka.

Muwasho ukizidi, daktari atanihamishia propilithiourasili, dawa nyingine ya kushusha homoni hizo, ingawa nayo huwasha baadhi ya watu na ini lazima lifuatiliwe. Ikifika huko nitawajulisha.