Naombeni ushauri: wakala anataka niwafukuzie wageni pomboo

Nahodha_Kusini: Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninaendesha boti ya wageni hapa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Juzi, siku ya mwezi mpevu, saa nne asubuhi, tulilikuta kundi la pomboo akiwemo mama na mtoto wake. Boti tisa zikawazunguka, wageni wakajitosa, na kila pomboo walipozama tuliwakatia njia mbele. Mtoto aliibuka karibu na mashine yangu, akavuta pumzi moja fupi, akazama tena. Wakala anataka iwe hivyo msimu mzima. Nimkatalie vipi bila ya kugombana naye?

BintiMwani: Tuanze na mavazi. Wageni wenu hupita nusu uchi mbele ya msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 1107, nanyi manahodha mnageuza nyuso. Kuweka kanga mbili botini kungekugharimu nini?

Mzee_Ngarawa: Zamani pomboo tulimvua tukamfanya chambo cha papa, kwa hiyo msijione wa kwanza kumkosea. Zima mashine mbali na kundi, ungoje. Wakitaka watakuja wenyewe.

Kaskazi77: Hapo ni ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyopo tangu 1997. Lakini sheikh, huyo wakala amekushikia nini hata ushindwe kusema hapana?

Nahodha_Kusini: Sikutaka kulieleza hili. Nimeshapokea arbuni, nimenunulia mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, na nimetia saini kwamba wageni wasipoogelea na pomboo, fedha zao nitazirudisha mimi. Hata hivyo, nisipokwenda mimi atakwenda mwengine, na nina watoto wanaosoma.

Mpemba_Halisi: Kwetu popo waliliwa nusura waishe. Leo mgeni anakwenda Kidike, kijiji cha huku Pemba, analipa, anawatazama wakining'inia mitini, anaondoka. Hakuna anayeahidiwa kumshika.

Mpigambizi: Kisa hiki mimi sikiamini. Mwezi mpevu, saa nne asubuhi, ni maji makavu ya bamvua, bahari imekupwa kabisa, na boti zilizo ufukweni hulala ubavu mchangani. Yako ilipita wapi?

Nahodha_Kusini: Sikusema nilitoka ufukweni. Tulitia nanga nje tangu alfajiri, wageni wakatufuata kwa miguu, viatu mkononi, maji yakiwafika mapajani.

Mpigambizi: Hapo nimekuamini, uniwie radhi. Na ukitaka kuirudisha hiyo arbuni, mashine utaiuza kwa kiasi gani?