Kulwa kashikwa dukani: gumzo la kikundi cha ukoo

IJUMAA

Doto, 17:38
Jamani Kulwa kashikwa dukani huku mjini Mwanza. Wanasema kaiba mafuta ya mtoto. Wameshampeleka kituoni, mtoto yuko naye mgongoni. Nimepanda boda naelekea huko.

Mama Kulwa, 17:39
Mungu wangu. Kulwa huyu huyu?

Mama Kulwa, 17:39
Mtoto kanyonya saa ngapi

Baba Mdogo Nyegezi, 17:44
Doto ulizia wanataka shilingi ngapi, tulipe yaishe. Maduka yale hutoza mara 10 ya bei. Natuma sasa hivi. Tusiende mahakamani kwa chupa ya mafuta, jamani, aibu hii tutaiweka wapi?

Shangazi Pasiansi, 17:47
Kaka, uchungu wako naujua, ila mimi msaidizi wa kisheria nakwambia hela usitume. Ile si faini. Faini inatozwa na mahakama, duka halina mamlaka hayo. Ukilipa na kusaini leo, kesho karatasi ile inasomwa kama umekubali kosa.
Doto, ukifika mwambie dada yako atulie na asisaini kitu ambacho hajakisoma mpaka mwisho. Ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuwa na wakili au ndugu anapoandikwa maelezo ya onyo, yale polisi wanayoyachukua baada ya kumwonya. Omba kukaa naye. Omba kwa adabu, hao askari wako kazini.

Doto, 18:05
Nimefika. Yupo kaunta, hajawekwa mahabusu. Analia. Anasema alisahau kuilipia.

Shangazi Pasiansi, 18:08
Basi aseme hivyo hivyo, alisahau. Asiseme "nilichukua, naomba msamaha" akidhani anaonyesha heshima.
Dhamana ya polisi ni bure, msikubali kutoa hata mia. Mbebe vitambulisho vya taifa vya NIDA, na Mama Kulwa pita kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua ya utambulisho. Fanyeni haraka, leo Ijumaa. Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana, na mimi sitaki mtoto wa miezi 7 alale pale.

Mama Kulwa, 18:10
Niko kwa mwenyekiti. Kaenda kuoga, namsubiri mlangoni.

Baba Mdogo Nyegezi, 18:31
Mimi bado nasema, hata wakimpeleka mahakamani aseme ni kweli, hakimu atamwonea huruma ana mtoto mchanga, alipe faini arudi nyumbani. Kesi ya wizi ikianza kuahirishwa ni mwaka mzima wa nauli.

Babu, 19:02
Mwanangu wa Nyegezi. Nimekaa miaka mingi kama mzee wa baraza Mahakama ya Mwanzo, nikueleze hilo neno "ni kweli" linavyofanya kazi.
Aliletwa kijana wa Igombe, mvuvi wa dagaa. Kashtakiwa kuiba karabai. Akasomewa shtaka, akajibu, "Ni kweli nilichukua." Hakimu kalamu iko mkononi. Ingeandikwa vile, kesi ilikuwa imekwisha, na mtu aliyekiri mwenyewe akihukumiwa, rufaa yake inabaki juu ya adhabu tu, labda aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa halali. Hakimu akavua miwani akamuuliza, "Uliichukua kwa nini?" Kijana akasema, "Ni yangu. Nilimwachia rehani, deni nimelipa, akakataa kunirudishia." Ile karabai ilikuwa mezani mbele yetu, shingo imefungwa waya mwekundu, na yeye ndiye aliyetueleza waya ule aliufunga lini na kwa nini. Hakimu akaandika: amekana shtaka. Kesi ikasikilizwa, akaachiwa.
Kuchukua na kuiba ni vitu viwili. Kulwa asipoulizwa na hakimu mpole kama yule, atapotea.

Shangazi Pasiansi, 19:09
Asante Baba. Na hilo limo kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 9: aliyechukua mali akiamini kwa moyo mweupe kwamba ana haki nayo, bila nia ya kudanganya, hana hatia.
Kulwa yeye hadai chupa ni yake, kwa hiyo njia yake ni nyingine. Wizi kwa Kanuni hiyo hiyo unataka nia: umechukua kwa hila, ukikusudia mwenyewe asiipate tena. Hata kama imethibitika ulivuka mlango na chupa, upande wa mashtaka bado una kazi ya kuthibitisha hiyo nia bila kuacha shaka. Kazi hiyo si ya Kulwa. Kaka, kosa lenyewe adhabu yake inafika hadi miaka 7, si la kukubali ili kuokoa nauli.

Baba Mdogo Nyegezi, 19:15
Sikujua kama ni miaka 7. Nakuja kituoni, mdhamini wa pili niandikeni mimi.

Doto, 21:50
Katoka. Tuko kwenye bajaji.

Kulwa, 22:36
Shikamooni wote. Asanteni. Mtoto kalala.
Niseme ilivyokuwa. Nilikuwa na kapu mkono mmoja. Simu ikaita, ni fundi wa bomba kafika nyumbani hakuna mtu. Nikaichomeka chupa kwenye kimfuko cha mtoto, pale pembeni kwenye nepi, ili nipokee. Nikafika kwa kulipia naongea na simu, nikalipa 31,200, nikatoka. Mlinzi akanishika bega mlangoni. Mafuta ni 6,500. Pochini nilikuwa na elfu 18 imebaki.
Wakaniingiza chumba cha stoo. Kaka mmoja akanipekua, akafungua hadi mbeleko. Wakaniambia niandike "nimeiba na sitarudia", nikiandika wataniachia nikanyonyeshe. Nikaandika Shangazi. Mtoto alikuwa analia mpaka sauti imekauka. Halafu wakaita polisi.

Mama Kulwa, 22:38
Mwanangu

Shangazi Pasiansi, 22:47
Usijilaumu mwanangu, hata kidogo. Karatasi ile haijakumaliza. Mahakama itapima kama ulitishwa au uliahidiwa kitu kiasi cha kusema lisilo kweli, na mama kuahidiwa kwamba ataachiwa akanyonyeshe mtoto anayelia ni ahadi nzito. Mwanamke kupekuliwa na mwanaume pia si sawa, sheria inataka apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Andika yote usiku huu: saa ngapi, nani alikuwa chumbani, amevaa nini, alitamka maneno gani. Ukilala utasahau nusu.
Pochi kuwa na hela haitoshi peke yake, wapo wanaoiba na hela wanazo. Kinachobeba kesi yako ni saa. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina saa, simu yako ina saa ya fundi kupiga. Zikikutana, ulikuwa unaongea na simu wakati unalipa. Na kamera zao zitaonyesha kama uliiweka chupa waziwazi au ulijificha kwanza.

Shangazi Pasiansi, 22:49
Kamera hizo hujifuta. Naandika barua sasa ya kuwataka watunze picha za leo. Doto utaipeleka kesho wakifungua, nakala yetu igongwe muhuri, nakala nyingine kwa mpelelezi.

JUMATATU

Doto, 11:20
Tumetoka kituoni na Shangazi. Mpelelezi kaiona video mbele yetu. Kulwa anaonekana, simu imebanwa begani, anachomeka chupa kamera ikimtazama, hageuki nyuma wala pembeni. Mpelelezi kairudisha mara mbili.

Baba Mdogo Nyegezi, 11:22
Kesi imefutwa?

Shangazi Pasiansi, 11:26
Bado. Jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, yeye ndiye ataamua kama kuna kesi. Kulwa anaripoti Alhamisi saa 3 asubuhi na wadhamini wote wawili. Kesho nampeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria, sheria ya mwaka 2017 inawapa hiyo huduma bure wasio na uwezo. Mimi ni msaidizi wa kisheria tu, mahakamani siwezi kusimama kumtetea.

Kulwa, 11:30
Alhamisi nitakuwepo. Risiti anayo Mama.

Mama Kulwa, 11:31
Ninayo. Nimeiweka ndani ya Biblia.

Shangazi Pasiansi, 11:31
Mama Kulwa itoe uipige picha sasa hivi, pande zote mbili, utume hapa. Karatasi zile wino wake hufifia.

Mama Kulwa, 11:40
📷 Picha
Saa inasomeka? Naona 16:12.

Kulwa, 11:42
Fundi alipiga 16:09. Tuliongea dakika 5.