Pioneer ya zamani, ninunue?

Wakuu, hapa Katwe, Kampala, kuna fundi anauza amplifaya ya Pioneer ya miaka ya 70, shilingi 250,000. Uso wa alumini, kitasa cha sauti kizito mpaka raha. Ila nikikizungusha, spika ya kushoto inakwaruza kama panya kwenye makuti. Nina spika mbili za marehemu baba. Ninunue?

— Kukwaruza si neno, mara nyingi ni vumbi ndani ya kitasa. Dawa ya kusafishia hutosha. Geuza mgongo usome volti. Ikiandikwa 100 tu, ni ya soko la Japani. Ukiichomeka kwenye 240 zetu utanusa moshi kabla ya wimbo (mimi nilinusa). Itataka transfoma ya kushusha umeme.

— Mimi natumia amplifaya ya NAD 3020, toleo la 1978. Wati 20 tu kila upande, na jirani analalamika. Kabla ya kuunga spika za mzee, fundi apime volti za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri) kwenye matundu ya spika ya amplifaya. Zikivuka milivolti 100, achana nayo, ina hitilafu, na zikipanda sana huunguza spika.

— Asanteni. Nimegeuza: 100, imefunikwa na plasta nyeusi! Muuzaji ameshuka mwenyewe hadi 150,000. Kesho naenda na mita.