Tulipanda mikoko juu ya kombe za watu. Sasa nifanyeje?

Mwalimu_Kusini ameuliza:

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Mie ni mwalimu wa darasa la sita, kusini mwa Pemba, upande wa Kengeja. Skuli siitaji, msinitafute. Mwaka wa tatu huu nasimamia kilabu cha mazingira, na leo nimekuja na aibu yangu.

Masika yaliyopita tulipanda mikoko. Kulikuwa na mradi, na mradi ulitaka hesabu: miche 600 kwa siku moja, watoto na fulana zao, picha. Tukachagua pahala peupe mbele ya msitu, mchanga mtupu, kwa sababu panafikika bila ya kuzama kwenye tope. Tukachomeka mbegu za mkoko, zile ndefu kama kalamu, mistari imenyooka utadhani daftari la hesabu. Mwisho tukasimamisha kibao: "Eneo la hifadhi. Usipite." Kibao nilikiandika mwenyewe, kwa hati nzuri.

Baada ya miezi mitatu nikenda kuhesabu iliyo hai. Ilikuwa 41.

Nilipokuwa nahesabu nikamuona bibi mmoja na ndoo yake ya kuokotea kombe, zile za gamba za mchangani, kasimama nje ya kibao, hatii mguu ndani. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hichi kibao kitatoka lini? Hapa ndipo ninapookota kombe, na mama yangu kabla yangu."

Nikamwambia, bibi, tuliita mkutano kijiji kizima, mbona hukuja kusema? Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. "Mliniita saa nne, siku za bamvua, maji yanapotoka mbali. Saa nne nilikuwa hapa hapa."

Halafu, kwa upole tu, akanipa somo ambalo mtaalamu wa mradi hakulitoa. Kwamba pale hapajaota mti tangu azaliwe. Kwamba mbele kwenye mawimbi ni pa mlilana, jamii nyengine ya mikoko, na mlilana huja wenyewe ukiachwa. Mkoko unataka tope la mkono wa bahari, kule nyuma, na mkandaa nyuma yake zaidi. Tulipanda mkoko mchangani kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuchomeka, basi.

La pili ni kilabu chenyewe. Nina watoto 34. Nilipokaa na daftari nikakuta 29 ni watoto wa wenye maduka na waajiriwa, sisi walimu tukiwemo. Watoto wa kina mama wa mwani na wa wavuvi wa madema, mitego ya samaki, ni watano. Safari ya kisiwa cha Misali tulitoza shilingi 7,000 kila mtoto, gari mpaka Wesha kisha boti. Aliyeshindwa akabaki, na sisi kwenye ripoti tukaandika "mwamko mdogo wa baadhi ya familia". Familia ambazo kutwa zimo ndani ya hayo mazingira mpaka magotini!

Na yuko kijana mmoja kiziwi, miaka 12. Haikosi Jumamosi hata moja. Hukaa mwisho, hutazama. Mie huzungumza huku nimegeukia ubao.

Nianzie wapi? Na asije mtu akanambia "jamii ielimishwe", nitamshitakia kwa wasimamizi.

---

BintiMwani_Jambiani amejibu:

Kaka mwalimu, anzia kwenye maji. Mengine baadaye.

Mie nalima mwani. Kilimo hichi kilianza huku kwetu pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na mama yangu aliingia msimu uliofuata baada ya kuona wenzake hawajafa njaa. Kwa hiyo nimekuzwa kwa ratiba ya maji. Wakati wa bamvua maji hupwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi. Na hizo ndizo saa zinazopendwa na kila afisa mwenye mkutano: ameshakunywa chai, jua bado halijamkera. Sisi tupo mbali huko tunafunga vishada, tunarudi maji yakitugeukia. Ukiita watu saa hizo umeshachagua nani asije, hata kama barua uliandika "wote mnakaribishwa".

Ita siku za maji mafu. Siku hizo maji hayatoki ya kutosha, tupo nyumbani tunasuka ukili au tunatengeneza kamba. Saa kumi alasiri, chini ya mti, si skuli. Skuli kuna viti vya watoto na kuna watu waliotoka skuli darasa la nne wakaapa kutorudi.

Nikwambie kisa kimoja. Kuna mbegu mbili tunazozijua, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei. Bahari ilipozidi joto kotoni ikawa inaoza, ikatubakia spinosamu ya bei ya kutupa. Wataalamu wakaja na jawabu: hamieni maji makubwa, kule kuna ubaridi. Jawabu la kweli kabisa. Ila wengi wetu hatujui kuogelea, na chombo ni cha mwanamme. Hakuna aliyeuliza. Walipomaliza kusema wakatwambia "maswali?" na kila mtu akatazama chini, wakaandika kwamba tumeelewa.

Na chai iwepo. Mtu katoka pwani na chumvi mwilini, umpe mada?

---

MtuWaDarajani amejibu:

Mnayafanya mambo kuwa magumu. Mikoko ni ya faida ya wote, inazuia mawimbi na samaki huzalia humo. Sheha, mkuu wa shehia, atoe amri tu, wasiokuja wachukuliwe hatua. Watu wetu bila kusukumwa hawendi.

---

Mwalimu_Kusini amejibu:

Sheha alikuwepo, na fulana aliivaa. Mikoko haikumuogopa.

---

UmmuWawili amejibu:

Nazungumzia huyo kijana tu, maana wangu wa pili naye kiziwi, ana miaka 15.

Kwanza acha kugeukia ubao. Simama jua likupige usoni, si mgongoni, aone mdomo na mikono. Usipige kelele, kelele haimfikii, inamfikia aibu tu pale wenzake wanapogeuka kumtazama. Pili, usimuwekee mkalimani mmoja mtoto mwenziwe halafu ukajisikia umemaliza. Yule mtoto huchoka, na baada ya wiki mbili anafupisha: dakika kumi zako anamwambia "anasema taka".

Kilichofaa kwetu ni hichi. Mwalimu wa mwanangu aliwafundisha darasa zima alama kama ishirini za lugha ya alama, na zile ambazo hawakuzipata wakaziuliza kwa viziwi wakubwa, hawakuzibuni wenyewe. Kaa, samaki, mti, maji yanakuja, rudi, ngapi, hatari. Walipokwenda pwani kusi kinavuma, mwalimu akawa anaita hasikiki hata na aliye hatua kumi. Nyote viziwi siku hiyo! Waliokuwa wanaelewana kwa raha ni mwanangu na wenziwe wawili aliowazoea. Tangu siku hiyo watoto walizishika hizo alama kwa bidii, bila ya kuambiwa ni za huruma.

Na mpe kazi yenye matokeo. Kuhesabu, kupima, kuchora. Si kushika bango.

---

FundiDema amejibu:

Nakubaliana na dada wa mwani ila nina langu. Kwetu tulifunga mwamba wa pweza miezi mitatu. Jambo zuri, pweza hukua haraka mno, ukimwacha kidogo tu unamkuta si yule. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha hufa, basi ukimtoa kabla umetoa na watoto.

Lakini tulifunga wapi? Tulifunga sehemu ya karibu, ya kufika kwa miguu, wanayochokolea kina mama na vikongwe. Sisi wenye ngalawa tuliendelea na miamba ya nje kama kawaida. Siku ya kufungua tukaja na sisi, tena tukawa wa mwanzo. Kamati ilikuwa ya watu tisa, wanawake wawili, na wote wawili ni wake wa wajumbe. Nilikuwemo kwenye kamati hiyo, siwatupii wengine. Mara ya pili tuligawa: siku ya kwanza ya kufungua ni ya waendao kwa miguu tu. Walinuna wenye vyombo, mie mmoja wao, ikapita.

Hicho kibao chako king'oe leo. Usingoje kikao.

---

Chuo_cha_Alasiri amejibu:

Wa alaykum salaam mwalimu. Mie nasomesha chuoni, watoto wa Qur-ani, na hapa nakuonea huruma na kukucheka kidogo. Umelipia gari na boti kwenda kufundisha mazingira Misali, na kisa cha Misali kila mtoto wa Pemba anaweza kusimuliwa kwa bure ukutani pa msikiti. Inahadithiwa kwamba Nabii Hadhara aliwafikia wavuvi akawaomba msala, mkeka wa kusalia, hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, basi hicho ndicho msala. Jina likabaki.

Kisiwa kilipotengwa kuwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi waliambiwa mengi juu ya sheria na matumbawe. Kisha kukaja mafunzo yaliyopitia kwa masheikh na vyuoni: kwamba mwanaadamu amewekwa kuwa khalifa katika ardhi, si mwenye mali, na kwamba israfu ni israfu hata ikiwa ya samaki. Sisemi uvuvi wa baruti ulikoma siku ile kwa hotuba ya Ijumaa. Nasema yalifika pahala ambapo karatasi haikufika, kwa sababu chuoni anakaa mtoto wa mvuvi na wa mwenye duka kwenye mkeka mmoja na hakuna wa kutoa 7,000.

Halafu kuhusu maji. Skuli mnafuata Januari na Februari, na Jumamosi yenu haijui mwezi umefika wapi. Sisi kalenda tunayo: mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa kumi na tano, siku hizo na mbili tatu za mbele yake ni bamvua. Mwezi saba na mwezi ishirini na mbili, maji mafu. Mtoto wangu wa miaka minane anakutajia bila ya simu. Njoo chuoni tupange pamoja, alasiri yoyote ila Alkhamisi.

---

Mwalimu_Kusini amejibu:

Nimerudi. Imepita miezi miwili, niliahidi nitaleta khabari.

Kibao niliking'oa usiku ule ule, kwa kweli kwa sababu ya FundiDema. Bibi alikiomba. Sasa anakikalia akichambua kombe, maandishi yako juu, "Eneo la hifadhi" inasomeka ukipita.

Kilabu sikukivunja ila nimekiacha kilale. Badala yake nimelichukua darasa zima, watoto 52, ndani ya saa za skuli, ili asibaki mtu kwa sababu ya ada wala ya Jumamosi. Mwalimu mkuu alinikubalia nibadilishe vipindi viwili vya hesabu na sayansi siku ya mwezi kumi na sita, ikaangukia Jumanne. Niliiomba siku hiyo kwa kalenda ya chuoni, akadhani nazungumzia Maulidi.

Tulimkuta bibi keshatangulia. Hakuhutubia. Alivua makubadhi, akaanza kukanyaga taratibu, kisigino kwanza, kisha akasita, akainama, akatoa kombe. Akarudia. Watoto wakauliza amejuaje, akasema mguu unajua. Wengi walibaki kuuliza. Yule kijana wangu kiziwi hakuwa na la kuuliza, alikuwa anatazama unyayo wake tangu mwanzo. Alikuwa wa kwanza kutoa kombe, na wa pili, na wa tatu, bibi akampigia kofi la mgongo mpaka akayumba.

Hesabu tuliifanya kwa kamba, mraba wa mita moja kwa moja. Mitano ndani ya ile mistari yetu ya mikoko iliyokufa, mitano nje. Ndani tulipata kombe 9, nje 31. Sijui kama ni miche au ni miguu ya watoto 34 na picha zao, na nimewaambia watoto hivyo hivyo kwamba sijui. Watarudi kila bamvua wahesabu mpaka mwaka uishe. Daftari analishika yule kijana. Alama za mikono tumepata 14, nyengine kiziwi mmoja mkubwa wa mji wa Mkoani atatufundisha.

Mkutano tuliuita maji mafu, saa kumi, chini ya mwembe, chai na mihogo. Walikuja kina mama 27. Mara ya kwanza walikuwa watatu. Hawakusema mambo ya mazingira hata kidogo kwa nusu saa, walisema bei ya mwani na choo cha skuli. Niliandika yote.

Limebaki moja linanikera. Mradi umekubali kulipa "mwezeshaji" kwa siku za pwani, shilingi 30,000. Fomu inataka jina, taasisi na nambari ya cheti. Nimemuuliza bibi, akanambia cheti anacho, cha mirathi ya shamba la mikarafuu. Nimejaza jina lake, kwenye taasisi nimeandika "Pwani", kwenye cheti nimeacha wazi, na chini katia dole gumba. Jumatatu naipeleka hivyo hivyo.