Hivi Tanga inafufuka kweli au inafufuka kwenye taarifa ya habari tu?

Mwana wa Makorora ameandika:

Wakuu habari za jioni. Mimi mzaliwa wa Makorora ila nimetoka Tanga 1999 nikaja Dar kutafuta, nimetafuta weee mpaka mwaka huu nimestaafu, kiinua mgongo kimeingia, si kingi ila kipo, na mama watoto anasema turudi nyumbani tufungue hadwea. Tatizo langu ni hili. Kila nikiwasha tivii ni Tanga, saa mbili usiku Tanga, asubuhi wakisoma magazeti redioni Tanga tena, mtangazaji kavaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa kasimama gatini, nyuma yake kreni inazunguka, tani kadhaa, bilioni kadhaa, mji wa viwanda umeamka. Sawa. Mwezi wa nne nikaenda msibani, nimeshuka Kange nikachukua boda mpaka barabara ya nane, jamani mji ni uleule! Vijana barazani wanacheza bao siku ya kazi saa nane mchana. Nikazunguka kule eneo la viwanda kwa makusudi kabisa, geti lina kutu, mwarobaini umeota ndani mpaka umetoboa bati, mlinzi kalala. Siku tatu nilizokaa pale msibani, na ukoo wetu ni mkubwa, sikukutana na mtu hata mmoja aliyeniambia kaajiriwa kwenye hayo mambo mapya.

Sasa nimwamini nani, tivii au macho yangu? Mwenye fremu anataka kodi ya mwaka mzima. Mliopo huko niambieni ukweli, na siasa wekeni pembeni mana humu mkianza hamuishi.

Tishari amejibu:

Mkuu mimi niko bandarini, mambo ya forodha, kwa hiyo nasema kwa upande ninaokula. Bandari imebadilika, hilo usibishe. Hili jina langu la humu vijana hawalielewi. Zamani meli ikija Tanga haisogei, inatia nanga huko nje kama kilomita 1.7 kwa sababu gatini kina kilikuwa mita 3 tu, mzigo unashushwa kwenye tishari, tishari linavutwa mpaka gatini, mzigo unashushwa mara ya pili. Gharama mara mbili, muda mara mbili, bahari ikichafuka ndo mnakaa mnaangaliana. Mfanyabiashara gani wa Arusha angepitisha mzigo hapa wakati Mombasa ipo? Serikali ikaweka bilioni 429.1, Wachina wakachimba kina mpaka mita 13, gati lina mita 450, meli inakuja inafunga kamba hapohapo. Mzigo sa hivi umevuka tani milioni kwa mwaka. Hiyo siyo ya tivii, makaratasi yanapita mkononi kwangu.

Ila nisiwe mnafiki, kazi iliyokuwa inafanywa na genge zima la makuli kwenye tishari leo anaifanya kijana mmoja kakaa juu kwenye kreni na kipupwe chake.

Mzee wa King'ora amejibu:

Hapo ulipomalizia Tishari ndipo ungeanzia.

Mwana wa Makorora, mimi nimefanya kazi kiwandani hapo Tanga, kiwanda sikitaji mana kuna wenzangu mpaka leo wanadai. Tanga ile ilikuwa inaamshwa na king'ora. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi barabara imejaa baiskeli, siyo kumi siyo ishirini, mto wa baiskeli, ndo mana mpaka kesho Tanga mtu mzima na suruali yake ya kitambaa anaendesha baiskeli na hakuna anayemcheka. Mbolea ipo, chuma ipo, sabuni ya Foma inatoka hapa inafulia nchi nzima, simenti ikaja 1980 pale Pongwe. Mishahara ikitoka Ngamiani hakupitiki. Unadhani timu yetu ya Coastal Union walichukua ubingwa wa ligi 1988 kwa dua peke yake? Wagosi wa Kaya walikuwa na mji nyuma yao, ingawa mwaka huo viwanda vilishaanza kukohoa.

Kinachonikera kwenye hizo habari ni neno moja, "vilikufa". Viwanda vilikufa, kama vile viliugua malaria. Mbolea tulikuwa tunaleta malighafi kutoka nje kwa meli, nchi ikakosa dola, kiwanda kinasimama kinaanza, kinasimama, mwanzo wa miaka ya 90 kikafungwa moja kwa moja. Mkonge nao una stori yake. Uliletwa 1893 na Mjerumani, Hindorf, miche 1,000 ilisafirishwa ikafika hai 62, hiyo 62 ndo mama wa mashamba yote unayoyaona kuanzia Korogwe mpaka Muheza. Mwanzoni mwa miaka ya 60 nchi inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, inaongoza dunia. Ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, 1967 mashamba mengi yakataifishwa na usimamizi ukawa tabu, mwisho wa miaka ya 90 tumebaki na kama tani 20,000. Soko likafunguliwa, vitu vya nje vikamwagika na mitumba juu yake, waliobaki wakamalizika. Kulieleza hilo kunataka dakika kumi na mtu aliyekuwepo. Tivii haina dakika kumi, ina kofia ngumu.

Swali langu kwao ni moja. Asubuhi pale getini wanaingia watu wangapi? Tani nimeziona. Nauliza watu.

Biti Chongoleani amejibu:

Mie nauza chakula upande wa huku kwetu Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta kutoka Uganda. Tarehe 5 Agosti 2017 walipokuja Magufuli na Museveni kuweka jiwe la msingi nilipika sufuria mbili za pilau na saa tano hamna hata ukoko. Nikasema basi, nimetoka. Weee. Baada ya pale kimya, miaka inapita, jiwe lipo, wateja hamna. Ujenzi ulipokuja kuchanganya kweli nimeuza, siwezi kukufuru, mafundi wa kuchomelea, madereva, walinzi, wote wanakula. Lakini bomba siyo kiwanda kaka yangu. Kilomita 1,443 kutoka Hoima, likishafukiwa na kupashwa joto lile (mafuta ya Uganda wanasema yana nta yakipoa yanaganda) litajiendea lenyewe na watu wachache wa kuangalia mitambo. Hao mafundi wataenda kuchomelea kwingine, na mie na sufuria zangu nitabaki na wavuvi walewale.

Na kitu kingine hamjakisema. Mwenye nyumba wangu naye anaangalia taarifa ya habari! Kila wakisema Tanga imeamka anakuja kugonga mlango anapandisha kodi. Mie mshahara wangu haujatangazwa popote.

Mtu wa Tanga Michigan amejibu:

Biti umeniua 😂😂

Jamani mimi nipo Michigan, Marekani, si mbali na Detroit, mji wa viwanda vya magari, na hii sinema huku tulishaiona. Jiji lilipofilisika Julai 2013 na deni la kama dola bilioni 18, tivii zote za taifa zilileta kamera kwenye jengo moja, ile stesheni kuu ya treni iliyofungwa 1988 (mwaka wa ubingwa wa Coastal, mzee), ghorofa refu madirisha yote yametoka. Picha ile ndo ikawa Detroit, ukisema unaishi huku mtu anakuuliza na nyie mnaishi magofuni? Ford wakalinunua 2018, wakakarabati, likafunguliwa Juni 2024, kamera zilezile zikarudi jengo lilelile, Detroit imefufuka. Jengo moja limezika mji na ndilo limeufufua. Hapo katikati 2014 watu walikuwa wanakatiwa maji majumbani. 1950 mji una watu milioni 1.85, sensa ya 2020 wako 639,111. Sisemi hamna kitu, kati ya mji panapendeza na makadirio yaliyotoka 2024 yalionyesha watu wameongezeka kwa mara ya kwanza tangu 1957, tulifurahi. Ila toka pale kati endesha gari dakika kumi tu uone viwanja vilivyoota majani kulikokuwa na nyumba za watu.

Kalamu ya Mkoani amejibu:

Naomba nitetee na nilaumu kwa mpigo mana hii kazi nimeifanya miaka sita, mwandishi wa kujitegemea mkoani, chombo nakihifadhi.

Mnadhani hizo tivii zina mtu anayezunguka Makorora na Duga kuuliza nani kapata kazi? Wa mkoani wengi tunalipwa kwa habari iliyotoka, isipotoka umeula wa chuya. Sasa ipi inatoka? Ya ziara. Kiongozi akija kuna Kosta ya waandishi kwenye msafara, kuna maji ya chupa, kuna chakula, kuna nauli ya kurudia (mnaelewa ninachosema), na kuna karatasi imeshachapwa, tani, bilioni, asilimia, unachotakiwa ni kusoma mbele ya kamera. Saa kumi umerudi, saa kumi na mbili Dar wanataka mzigo, dakika moja na nusu. Nikitaka stori ya kiwanda kilichofungwa nahitaji siku tatu, mafuta ya pikipiki ya kwangu, mlinzi ananirudisha getini, msemaji hapokei simu, halafu mhariri ananiuliza hii ina upya gani. Niliwahi kuifanya. Wazee kumi na moja, kila mmoja na bahasha lake la makaratasi ya madai yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni yasilowe. Ikakaa wiki mbili, ikatoka Jumapili mchana sekunde arobaini, mzee mmoja tu akasikika. Hela niliyolipwa haikujaza tanki la pikipiki. Unadhani nilirudia?

Kwa hiyo siyo kwamba wanadanganya. Gati lipo, kreni ipo, na aliyesema alisema hivyo kweli. Ila mtu ukisikiliza habari ya uchumi sikiliza kitenzi. Itazalisha, itaajiri, utanufaisha, unatarajiwa. Chukua daftari, kila ukisikia "ita" andika na tarehe yake. Baada ya miaka miwili rudi uhesabu ngapi zimekuwa "ime". Hiyo habari ya pili hamna Kosta inayokupeleka, ndo mana hamuioni.

Tishari amejibu:

Bandari yangu ni "ime" 😄 naomba iandikwe.

Biti Chongoleani amejibu:

Na kodi yangu imepanda, iandikwe pia.

Muuza Nondo amejibu:

Mwana wa Makorora hawa wote wamekupa historia, mimi nikupe biashara mana hadwea ninayo, nje ya mji njia ya Mabokweni. Mimi ndo yule mjinga wa "ita". 2018 niliona habari za bomba nikachukua mkopo nikajaza mabati na nondo nikisubiri mafuriko ya wateja. Unajua ule uamuzi wa mwisho wa wawekezaji kutoa hela ulifanyika lini? Februari 2022! Mabati yalikaa yananiangalia, benki haijui habari za jiwe la msingi, inataka rejesho.

Watu wanajenga, wanajenga sana tu. Lakini angalia ni nani. Ni watumishi wa serikali, ni walioko Dar kama wewe wanatuma hela kwa mdogo wao, ni wachache wa mizigo na malori. Kijana wa hapa aliyepata ajira ya kiwandani akaanza msingi, kwenye daftari langu la wateja namtafuta. Saruji usiitegemee, inatengenezwa hapohapo Pongwe kila mtu anauza, faida kwa mfuko ni ya kununulia vocha. Faida ipo kwenye rangi, mabomba ya maji, vitasa, misumari ya kupima kwa kilo. Kodi ya mwaka usilipe, mwambie miezi mitatu hata kama kwa mwezi ataongeza kidogo, akikataa fremu zipo nyingi, kama hazingekuwepo asingekuomba ya mwaka. Na kabla ya yote njoo ukae kwangu Jumamosi moja kutwa nzima, uhesabu mwenyewe wanaoingia na wanaouliza bei wakaondoka.

Mwana wa Makorora amejibu:

Wakuu nimesoma yote, nikamsomea na mama watoto. Amecheka sana hiyo ya "ita" na "ime", anasema mimi jiko "nitalikarabati" tangu 2011.

Fremu nimemwambia mwenyewe asubiri. Muuza Nondo nakuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, nitakutumia ujumbe pembeni. Halafu Jumatatu yake kabla sijapanda basi nataka nikasimame Pongwe pale getini asubuhi nihesabu baiskeli. Mzee wa King'ora kama afya inaruhusu tuwe wote, kahawa juu yangu.

Mzee wa King'ora amejibu:

Afya ipo. Njoo saa kumi na mbili na nusu usichelewe. Na uhesabu pikipiki pia, nisije nikaambiwa mzee kapunja.