Shamba Letu Leicester, Uingereza: gumzo la Jumamosi ya upepo, mwezi wa Machi

Mama Rukia: Asalaam aleikum wapendwa. Ndiyo natoka shambani. Upepo wa usiku haukuacha kitu. Neti ya kabichi imeng'oka upande mzima, siioni ilikokwenda. Pipa la maji limelala chali. Kibanda cha vioo kimesalimika, alhamdulillahi, ila kioo kimoja cha nyuma kimepasuka.

Mjomba Athumani: Waaleikum salaam dada, pole sana. Mimi natoka zamu ya usiku. Nalala kidogo, saa sita mchana niko hapo na beleshi. Jua limetoka, nataka niilime nusu ploti yangu yote leo kabla mvua haijarudi. Mbegu za mahindi na mchicha nimeshanunua 🌽

Mama Rukia: Beleshi liache nyumbani, kaka'angu.

Mjomba Athumani: Kwa nini tena? Kamati inayosimamia ploti imeshanitumia barua, wanasema ploti yangu haijaguswa tangu Novemba. Wakija kukagua wakute nini?

Mama Rukia: Ukifika, okota udongo ujae kiganja, uufinye halafu uachie. Ukimomonyoka, lima. Ukibaki bonge linalong'aa, na alama za vidole unaziona, haujawa tayari. Udongo wetu ni wa mfinyanzi. Ukiupindua ukiwa umeloa unatoka mabonge, upepo unayakausha, na mwezi wa sita utakuwa unapiga matofali kwa jembe. Hata kuukanyaga tu unaushindilia, maji hayapiti, mizizi haipiti. Ndiyo maana mimi natembea juu ya mbao.

Mzee wa Jinja: Hamjambo wote. Mama Rukia, neti yako imekuja kwangu, imejisokota kwenye miti ya rasiberi. Nimeikunja, nimeibana chini ya benchi. Na wewe Athumani, msikilize dada yako. Mimi nimefika mji huu 1972, Amin alitupa siku 90 tu tuondoke Uganda. Baba yangu alilima ploti hapa kwa mazoea ya Jinja, mvua ikinyesha unapanda. Hapa siyo hivyo. Hapa unangoja udongo upate joto. Mahindi yanataka nyuzi 10 za joto ardhini na zaidi. Leo nimechoma kipimajoto changu, ni 6.

Mjomba Athumani: Shikamoo mzee. Sasa mahindi lini?

Mzee wa Jinja: Marahaba. Anza kwenye vikopo ndani ya nyumba, mwisho wa Aprili. Nje uyatoe jalidi, ile baridi ya kugandisha, ikiisha, huku kwetu ni mwisho wa Mei. Usiyapange mstari mmoja mrefu, panga mraba, manne kwa manne au zaidi, maana upepo ndio unaobeba chavua. Ukipanda mstari mmoja utapata magunzi yenye mapengo.

Mama Rukia: Mchicha nao vivyo hivyo, hautaki baridi kabisa. Mwezi wa sita utaukata mpaka uchoke.

Rukia: Shikamooni. Mama, miche ya nyanya yote imelalia dirishani 😟

Mama Rukia: Marahaba mwanangu. Inafuata mwanga. Kila asubuhi kabla ya shule geuza trei. Halafu pitisha kiganja juu yake taratibu, huku na huku, ishtuke kidogo. Shina linanenepa. Usiku usiiache nyuma ya pazia, hapo kwenye kioo kuna baridi.

Shangazi Mwajuma: Jamani mimi nauliza sukuma wiki zangu. Zimesimama ila zinacheza, ukizigusa zinayumba. Ni za kung'oa?

Mama Rukia: Usizing'oe! Wifi, inama uangalie chini ya shina. Utaona kishimo kimezunguka shina, kwa juu kipana na chini kinachongoka. Upepo ukilitikisa shina usiku kucha ndio unachimba kile. Maji yanaingia, yakiganda mizizi inaumia, na ile midogo inakatika kila shina likiyumba. Jaza udongo, halafu kandamiza kwa kisigino pande zote mpaka ukivuta jani, jani lichanike na mmea usitikisike. Zile ndefu zipigie mti, ufunge kwa kitambaa, kamba ya nailoni itazikata.

Shangazi Mwajuma: Ahsante. Nilishazikatia tamaa.

Mama Rukia: Na brokoli ya zambarau ifanyie hivyo hivyo. Ndiyo kwanza inaanza kutoa vichwa, ukiipoteza sasa umepoteza chakula cha mwezi mzima.

🎤 Bi Mkubwa (Tanga): ujumbe wa sauti, 1:46

Rukia: Mjomba yuko kwenye basi hasikii, namwandikia. Bibi anasema huku kaskazi imelegea, siku hizi upepo haueleweki, na wao wanangoja masika. Anasema Athumani asiuache udongo uchi. Yeye chini ya migomba anatandaza majani makavu na makuti, jua lisiupige na mvua isiuchukue. Anasema afunike, minyoo itamlimia. Halafu anauliza mnakula nini, mbona Mjomba kwenye picha amekonda.

Mjomba Athumani: Shikamoo mama. Nakula vizuri 😊 Lakini hapa migomba naitoa wapi?

Mzee wa Jinja: Maboksi! Yale ya kahawia, utoe utepe wa plastiki wenye gundi na pini. Tandaza, mwagia maji ili yasipeperuke, juu weka mboji au samadi iliyooza, kina cha vidole vinne. Magugu yanakufa gizani. Viazi unapanda papo hapo, unatoboa boksi. Kamati wakipita wanaona ploti ina mwenyewe. Kwa upepo wa leo lakini usitandaze peke yako, boksi moja litafika Nottingham.

Mama Rukia: Na viazi vyake viko wapi? Athumani, vile vya mapema nilivyokupa mwezi uliopita.

Mjomba Athumani: Viko kwenye trei ya mayai, chumba cha baridi, macho juu kama ulivyosema. Vimetoa vichipukizi vifupi vya zambarau.

Mama Rukia: Safi. Hivyo vifupi na vinene ndivyo vizuri. Vikiwa virefu na vyeupe ni kwa kukosa mwanga. Uvipande mwishoni mwa mwezi. Wazee wa hapa wanavipanda Ijumaa Kuu, lakini siku hiyo inahamahama kila mwaka, mimi naufuata udongo. Leo panda vitunguu, vile vidogo vya kupandikiza, kwenye lile tuta la juu lililokauka. Sentimita kumi kwa kumi, ncha ionekane kidogo tu. Utandike neti, ndege wanavichomoa.

Shangazi Mwajuma: Mimi nataka kuweka uzio wa mbao upande wa magharibi, upepo ukome kabisa.

Mzee wa Jinja: Mbao hapana, dada. Upepo ukigonga ukuta unapanda juu, unashuka kwa nguvu upande wa pili, unazunguka hapo hapo kwenye miche yako. Weka neti ya kukinga upepo, ile inayopitisha kama nusu. Inaupunguza mwendo. Ya mita moja inakusaidia mpaka mita kumi nyuma yake. Nguzo ndizo ziwe imara, chimbia chini sana.

Mama Rukia: Kweli kabisa. Na ile shuka nyeupe ya kufunikia miche, mawe hayatoshi. Ikipepea inasugua majani mpaka yanachanika. Kingo zake zifukie kwenye udongo pande zote nne.

Shangazi Mwajuma: Basi nikate ule ua wa miiba nitundike neti hapo.

Mama Rukia: Ua usiuguse sasa, ndege wameanza kujenga. Kiota chenye ndege kisheria hakivurugwi, ni sheria ya 1981. Subiri Septemba. Na kwenye kile kidimbwi kuna mayai ya vyura, tafadhali watoto wasiyachote. Vyura ndio wanaotusaidia kula makoa. Mimi sitaki kuona vidonge vya sumu kwenye ploti zetu.

Mjomba Athumani: Nimeelewa. Kwa hiyo leo nifanye nini, dada? Nimeshapania.

Mama Rukia: Kioo kwanza. Tundu moja likiachwa wazi upepo unaingia ndani, unasukuma vingine vyote nje. Chukua kipande cha plastiki ngumu ukibane mpaka Jumatatu nikapate kioo. Milango na madirisha ya kibanda yafungwe. Tulisimamishe pipa, tulijaze robo lisianguke tena. Halafu vitunguu. Maboksi tunaweka kesho, wanasema upepo utatulia.

Mjomba Athumani: Na kulima?

Mama Rukia: Saa zinasogezwa mbele Jumapili ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo hata jioni bado kuna mwanga, utalima hiyo nusu kidogo kidogo, na udongo utakuwa umekauka.

Mzee wa Jinja: Nina maboksi mengi gereji, ya mashine ya kufulia na friji. Nitayaleta kwa toroli.

Shangazi Mwajuma: Mimi naleta chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga. Mzee, hutumii nyama, sivyo?

Mzee wa Jinja: Hapana, mihogo inatosha. Weka pilipili.

🎤 Bi Mkubwa (Tanga): ujumbe wa sauti, 0:09

Rukia: Bibi anasema Mjomba avae kofia.

Mama Rukia: Funguo za geti ninazo mimi. Saa saba kamili. Athumani, njoo na nyundo, misumari mimi ninayo.